Tabora: ramani ya mkoloni, moshi wetu

Leo tuiache siasa kidogo tuongelee moshi. Ndiyo, moshi. Nimekuwa nikisoma historia ya Tabora, mji mkubwa wa njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na kila nikifika kwenye ramani najiuliza: hivi ni nani aliamua nani akae karibu na moshi?

Tuanzie mbali. Burton na Speke walipofika Kazeh Novemba 1857 hawakukuta mitaa iliyobanana. Walikuta matembe yaliyotawanyika, yenye nyua na bustani zake. Kwihara, walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, ni kilomita kadhaa kutoka hapo. Afisa mipango miji hakuwepo, lakini moshi wa jiko la jirani ulipata nafasi ya kupotea kabla haujakufikia. Na misafara ikatuachia miembe, ambayo mpaka leo inatupa kivuli.

Reli ikabadilisha mambo. Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Palipo na stesheni pana maghala, karakana na watu wanaotafuta kazi, na watu hao wanataka kulala karibu na kazi.

Sasa njoo kwenye kugawa mji. Dar es Salaam ilipata kanuni za ujenzi mwaka 1891, zikisema nyumba ya aina gani ijengwe wapi. Waingereza wakaendeleza mchezo ule ule kwa kanda tatu, ambazo mitaani tulizijua kama Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya: malaria, tauni. Katikati wakaacha maeneo ya wazi kama Mnazi Mmoja. Mpango wa Dar wa mwaka 1949 ulitenga hata njia za kupitisha upepo.

Kwa hiyo mkoloni alijua kabisa kwamba hewa inapangwa. Tatizo ni kwamba alitenga watu badala ya kutenga moshi. Baadaye maneno ya rangi yakafutwa, yakaja ya msongamano: viwanja vikubwa kwa wachache, vidogo kwa wengi. Sheria ya mipango miji ya mwaka 1956 tuliendelea nayo baada ya uhuru mpaka ilipokuja ya mwaka 2007. Zaidi ya miaka 50! Kaazi kweli kweli.

Mwaka huo huo wa 2007 zilitoka pia kanuni za viwango vya ubora wa hewa. Sheria tunazo, basi. Lakini tembea mitaa yenye msongamano katika mji wetu wowote: jiko la mkaa mlangoni, mashine ya kusaga ukutani kwa jirani, gereji nyuma, taka zinachomwa jioni. Anayeuvuta moshi huo zaidi ni mama na mtoto aliye mgongoni.

Kuna watakaosema shida ni mkaa, ramani itasaidia nini? Ni kweli mkaa ni shida kubwa, na mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Lakini gesi haiondoi gereji wala lori lililowashwa usiku kucha chini ya dirisha lako.

Kwa nini naisemea Tabora? Kwa sababu historia inajirudia. Mkataba wa kipande cha reli ya kisasa cha Makutupora hadi Tabora ulisainiwa Desemba 2021. Treni zake ni za umeme, hazitoi moshi. Lakini stesheni mpya itavuta malori, maghala na gereji kama ile ya 1912. Kiangazi, upepo wa Tabora huvuma zaidi kutoka mashariki. Maegesho ya malori yakiwekwa mashariki ya makazi, tumejichomea wenyewe. Yakiwekwa magharibi, na miti katikati, tumepona bila gharama kubwa.

Angalizo moja: kupanga mji kusiwe jina jipya la kufukuza mafundi na mama lishe. Wapewe eneo lenye umeme, maji na wateja, ndipo waambiwe wahame. Vinginevyo tutakuwa tumetenga watu tena, moshi tumeuacha pale pale.

Miembe ilipandwa na watu waliokuwa wanapita tu. Sisi tunaokaa tunapanda nini?