Kiduha kinapenda shamba lililochoka: mbolea inasaidiaje mtama?

Mvua imenyesha juzi tu, lakini mtama umenyauka kama vile kuna ukame. Ukiangalia chini unaona vimaua vyekundu. Hicho ni kiduha, na ukishakiona juu ya ardhi ujue kimenyonya siku nyingi.

Kwa mkulima wa Singida anayetegemea msimu mmoja wa mvua, hiyo ni hasara ya mwaka mzima.

Kinajuaje pa kuota?
Mbegu za kiduha ni ndogo kama vumbi na zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10. Haziamki mpaka zipate kemikali inayotoka kwenye mizizi ya mtama, mahindi au uwele.

Mtama ukikosa fosforasi au naitrojeni, mizizi hutoa kemikali hiyo kwa wingi ili kuita kuvu wanaousaidia kupata chakula. Kiduha nacho kinadandia wito huo. Ndiyo maana shamba lililochoka ndilo linaloshambuliwa zaidi.

Kiasi gani cha mbolea?
• *Bila mbolea:* mtama dhaifu, kiduha kingi.
• *Kidogo sana:* mtama unaweza kunenepa kidogo, lakini kiduha kisipungue.
• *Kiasi cha kutosha:* wito wa mizizi unapungua na mtama unapata nguvu. Mfuko wa kilo 50 wa urea una naitrojeni kilo 23. Muulize afisa ugani shamba lako linahitaji kiasi gani.
• *Kupita kiasi:* mvua ikikata, pesa yako imekwenda.

Weka urea udongo ukiwa na unyevu, kisha ifukie. Ikiachwa juani, naitrojeni inapotea hewani.

Huna hela ya mfuko? Samadi ya zizini inasaidia, ila iache ioze vizuri kwanza. Samadi mbichi inaweza kuleta mbegu za magugu shambani.

Mbolea peke yake haitoshi
Haiui mbegu zilizolala ardhini. Kwa hiyo:
• Ng'oa kiduha kabla hakijatoa mbegu, maana mmea mmoja hutoa maelfu.
• Badilisha mazao. Alizeti na kunde havinyonywi na kiduha cha mtama.
• Ulizia mbegu za mtama aina ya Hakika na Wahi, zilizoidhinishwa nchini mwaka 2002 kwa kuhimili kiduha.

Usitegemee msimu mmoja. Shamba lililochoka kwa miaka mingi halirudi kwa mfuko mmoja.