Sikio Linalopigwa Picha: Tulichokikuta Katika Historia ya Alaska

Ndugu na dada zetu, leo tunawapeleka mbali, Alaska, huko kaskazini kwa Wamarekani, kwenye baridi ambayo sisi hata kuiwaza hatuwezi. Lakini shida yao mtaitambua haraka: mtoto anatoka usaha sikioni, daktari yuko mbali, na darasani anaitwa mkaidi kumbe hasikii.

Vijiji vingi vya wenyeji wa kule havina barabara ya kwenda mjini. Unapanda ndege ndogo, na hewa ikichafuka unangoja. Miaka ya 1950 kifua kikuu kiliwamaliza watu, ndipo wanakijiji wenyewe wakafundishwa kugawa dawa. Mwaka 1968 serikali ikaanza kutoa pesa rasmi kwa kazi hiyo. Hawakuwa madaktari. Walikuwa na redio ya kumwita daktari, na redio yenyewe ilikuwa inakataa kila mara. Mwaka 1971 satelaiti ya ATS-1 ikajaribiwa, sauti zikaanza kupita vizuri zaidi. Kwa hiyo wale wanaosema mambo haya yamekuja na simu janja, hapana, wamechelewa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vituo vya vijiji vikapata meza ya magurudumu yenye kompyuta na kamera nyembamba ya kuchungulia sikio. Mhudumu anapiga picha ya ngoma ya sikio, anaandika maelezo, anatuma. Daktari anafungua akipata nafasi. Hapo ndipo tulipopapenda sana, sababu haihitaji mtandao wa nguvu saa zote. Mtandao ukikatika, picha inangoja.

Upande wa Nome, kabla ya hapo, wagonjwa wapya 47 kati ya 100 waliotumwa kwa daktari wa masikio walikuwa wanangoja miezi 5 au zaidi. Miaka mitatu ya kwanza wakabaki 8, halafu chini ya 3.

Baadaye, kati ya 2017 na 2019, watafiti wakapima watoto wa shule katika jamii 15 za eneo hilo hilo. Waliokutwa na tatizo na kupelekwa kwa njia ya picha, karibu 68 kati ya 100 walihudumiwa. Kwa njia ya zamani, yaani barua kwa mzazi, ni kama 32 tu. Barua kwa mzazi! Si tunazijua, zinakaaga kwenye begi mpaka zinachanika.

Hapa kambini wahudumu wa kujitolea tupo, simu zipo, na jioni mtandao unashika. Kamera ya sikio inayochomekwa kwenye simu siku hizi si kitu cha ajabu. Lakini Alaska palikuwa na daktari anayelipwa kufungua zile picha. Ndugu wa mashirika mnaotusoma, tujibuni hilo moja: kwetu, upande wa pili atakaa nani?