Jomo Kenyatta, Mwanaanthropolojia

Kabla ya kuwa Rais wa kwanza wa Kenya, Jomo Kenyatta alikuwa mtafiti wa maisha ya vijijini. Alizaliwa Ng'enda, Gatundu, si mbali na Thika na Ruiru. Ujanani aliajiriwa mjini Thika na mhandisi John Cook, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuchukua mishahara ya wafanyakazi kutoka benki ya Nairobi.

Baadaye alikwenda Uingereza, na mwaka 1935 alianza kusomea anthropolojia katika Chuo cha Uchumi cha London, chini ya Bronislaw Malinowski. Tasnifu yake ilichapishwa mwaka 1938 kwa jina *Facing Mount Kenya*, na Malinowski akaiandikia utangulizi.

Uzito wa kitabu uko kwenye ardhi. Tangu mwaka 1921 mahakama ya kikoloni ilikuwa imewahesabu Waafrika kuwa wapangaji tu katika ardhi ya Serikali. Kenyatta alijibu kwa kueleza *githaka*, yaani ardhi ya ukoo kwa Wakikuyu: namna ilivyopatikana na kurithiwa, haki za *muhoi* aliyeruhusiwa kulima bila kumiliki, na mpaka uliowekwa mbele ya wazee kwa kupanda miti na maua ya *itoka*. Mwanakijiji mwenyewe aliandika sheria za kwao, na hapo ndipo penye thamani kubwa ya kazi hiyo.

Hata hivyo, sauti ya wazee wanaume imetawala, na kitabu kinatetea tohara ya wanawake, ambayo leo imepigwa marufuku kisheria.

Kenyatta alirejea Kenya mwaka 1946, akaongoza chuo cha walimu cha Githunguri.