Chai ya Saa Kumi

Wanaoandika historia ya Mtwara huanza na karanga. Nami sina budi kuanza hapo hapo, ila nitaingilia mlango wa jikoni. Vitabu vinatueleza kwamba bandari yetu ilijengwa kwa sababu ya Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza, na ni kweli. Lakini karanga zenyewe zilitakiwa za nini? Zilitakiwa zikamuliwe mafuta, mafuta yatengenezwe majarini, na majarini ipakwe mikate na kutiwa katika keki za Waingereza.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa mshindi mwenye njaa. Majani ya chai yalikuwa yakitolewa kwa mgawo tangu 1940, gramu 56 hivi kwa mtu kwa wiki. Sukari, siagi na mafuta ya kupikia vilikuwa vivyo hivyo. Mkate, ambao haukuguswa muda wote wa vita, uliingizwa katika mgawo Julai 1946. Mwaka huo huo Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa mali ya Unilever, watengenezaji wa majarini, aliizungukia Tanganyika akapendekeza pori lifyekwe kwa mashine na kupandwa karanga. Serikali ikalikubali wazo hilo na kulipanua. Zikakusudiwa ekari zaidi ya milioni 3, huko Kongwa, Urambo, na kwetu kusini, Nachingwea.

Yaliyofuata yamesimuliwa mara nyingi. Mashine ziliharibika, mvua ilikosekana, ardhi ya Kongwa ilikauka ikawa kama saruji. Januari 1951 mpango ulitangazwa kuachwa, baada ya kumeza paundi milioni 36 hivi. Huku kwetu reli ya kwenda Nachingwea ilikwisha kutandikwa, na bandari ya kina kirefu ilikamilika mwaka 1954. Basi tazama ajabu hii, msomaji: Mei 1954 ndipo mgawo wa siagi na majarini ulipoondolewa Uingereza. Bandari ya kuwapelekea mafuta ilikuwa tayari mwaka ule ule walioacha kuyapangia foleni. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Gati likabaki, na korosho zikalipatia kazi.

Siyasemi haya kwa kuwacheka. Nayasema kwa kuwa nimeshasikia mara nyingi, hata kwa watu waliosoma, kwamba habari za vitumbua, makawa na chai ya jioni ni mambo madogo ya akina mama yasiyo na historia. Wakubwa wa dola kubwa walikaa kitako wakahesabu mafuta ya kupaka mkate, na hesabu yao ikazaa mji. Mtu akiniambia ni mambo madogo, humwelekeza gatini.

Chai yetu wenyewe haikungoja bandari hiyo. Mama yangu alikuwa mtu wa Mikindani, mji wa zamani ulio kilomita chache tu kutoka hapa, ambako Livingstone alishukia mwaka 1866 na Wajerumani wakajenga boma mwaka 1895. Neno lenyewe, chai, ni la njia za Bahari ya Hindi. Ng'ambo ya Ruvuma, Wareno nao walisema chá. Hakuna aliyetufundisha kunywa kwa mtindo wa Kizungu. Kwetu saa ya chai ilifuata sala ya alasiri: jua limelegea, vyombo vya mchana vimeoshwa, na cha jioni hakijatelekwa. Ni saa isiyokuwa na mwenyewe, na mama aliifanya yake.

Fahari yake ilikuwa mkate wa kumimina. Mchele huloweshwa usiku kucha, ukatwangwa na kusagwa mpaka ulainike, ukachanganywa na tui zito, sukari na hiliki. Kuumua alitumia hamira ya dukani, lakini bibi, mama yake, alitumia tembo la nazi, na mpaka anafariki alishikilia kwamba hamira haina harufu. Rojo likishafura humiminwa katika sufuria iliyopakwa samli, likafunikwa, na juu ya mfuniko yakapaliwa makaa. Hapo ndipo ufundi ulipo. Moto wa chini uwe mdogo, wa juu uwe mkubwa kidogo, na usifunue kila mara kuchungulia. Asiyejua kupalia hujulikana kwa mkate wake: juu mweupe, chini mweusi, katikati maji.

Baba mdogo alipata kazi ya upishi kwa Wazungu waliokaa Shangani, na kutoka huko alileta keki. Alimweleza mama namna ya kupiga mayai na sukari mpaka yapande, kisha akasema kwa masikitiko kwamba haiwezekani bila jiko la oveni. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kesho yake alipiga mayai, akatia hiliki, akapalia makaa. Baba mdogo alikula vipande vitatu bila kusema neno, nasi watoto tukajua nani ameshinda. Majarini waliyotumia ilikuwa Blue Band, iliyokuwa ikitengenezwa Nairobi na watu wa Unilever. Kwa hiyo majarini ilipita Mtwara kweli, ila ilikuwa inaingia, haitoki.

Mkate ukiwa motoni mikono haikukaa bure. Mashoga wa mama walikuja wamebana ukili kwapani. Milala ilianikwa, ikachanwa, mingine ikatiwa rangi nyekundu, ya zambarau na kijani, kisha ikasukwa kuwa utepe mrefu uliopimwa kwa pima. Tepe hizo zikishonwa pamoja hutoka mkeka, na zikizungushwa kupanda juu hutoka kawa la kufunikia chakula. Wengine walifuma vitambaa vya kutandika mezani na kwenye viti. Kazi ya namna hii inaacha mdomo huru. Kati ya 1964 na 1974, Msumbiji ilipokuwa ikipigania uhuru wake, habari za ng'ambo ya mto nilizisikia kwanza hapo mkekani: nani amevuka Ruvuma na watoto, nani amepokewa kwa nani.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, bei ya mafuta ilipanda, vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979 vikala kilichobaki. Unga wa ngano, sukari na sabuni vikawa vitu vya kunong'onezana. Tulipanga foleni ya duka la RTC kwa kusikia tu kwamba labda gari litakuja. Nasi wa kusini tulikuwa na dhiki juu ya dhiki, maana masika ikinyesha, njia ya Rufiji ilikatika, tukawa kama watu wa kisiwani.

Baba alikuwa mchukuzi bandarini. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho zaidi ya tani 140,000. Ilipofika 1986/87 hazikutimia tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiri ulishambulia miti. Kwa mchukuzi hesabu hiyo ina maana moja: hakuna magunia, hakuna zamu. Baba alizoea kurudi amechoka, na sasa alishinda nyumbani, analala mchana kutwa amegeukia ukutani. Hakumgombeza mtu. Ingekuwa afadhali angegomba.

Mama hakuiacha saa kumi. Alichemsha mchaichai aliouotesha karibu na kisima, akaweka muhogo wa kuchemsha wenye nazi, na siku za bahati kashata za karanga. Karanga zetu, za majaruba madogo ya kina mama, ambazo hazikuwahi kuhitaji matingatinga. Alitandika kitambaa kilichofumwa, akaweka vikombe na visahani vyake, kawa juu ya muhogo. Kisha alimwita baba kama anavyoitwa mgeni: "Baba, chai tayari." Naye alilazimika kuinuka, kunawa uso, kuvaa kofia yake na kuja kuketi na watu.

Siku moja shoga yake alifunua birika, akacheka: "Shoga, chai gani hii isiyo na chai?"

Mama akamjibu, "Ya saa kumi."

Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo, nami niliona haya kidogo kwa vikombe vile vya maringo juu ya muhogo. Leo nikisoma jinsi miaka ile inavyoelezwa kwa takwimu za uzalishaji na ratiba za serikali, najiuliza mwandishi angeiweka wapi ile kofia ya baba. Nimeona nyumba ambazo mwenye nyumba hakuinuka tena.

Kuanzia 1984 biashara ililegezwa, na baada ya Mzee Mwinyi kushika uongozi mwaka 1985 unga ulirudi dukani. Mfuko wa kwanza mama hakuuoka. Aliugawa kwa vikombe kwa mashoga wanne waliomsaidia sukari miaka ile, akabakiwa na kiasi cha vitumbua vya siku moja. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na tangu hapo Rufiji haitutengi tena.

Mimi sasa ninalo jiko la gesi lenye oveni, na keki hutoka humo bila taabu. Mkate wa kumimina bado naupalia makaa, ingawa mchele nausaga kwa mashine. Shida yangu ni kawa. La mama limepasuka ukingoni, na sokoni wanauza vifuniko vya plastiki vinavyofanya mkate utoe jasho. Nimempata mama mmoja wa upande wa Msimbati ambaye bado anatia milala rangi mwenyewe. Ameniambia nisubiri mvua zipite, na ametaka nusu ya fedha kwanza. Nimempa.