Ninyi Mnakerwa na Nini?

Mwaka 2010 nilikuwa darasa la tano, na shule yetu ya msingi hapa Mabibo ilikuwa na mtaro ulioziba mbele ya geti. Masika yakianza, maji meusi yalipanda hadi mlangoni mwa darasa la kwanza. Jumamosi moja wakaja wanafunzi wa sekondari ya jirani, kama wanane hivi, na makoleo na viroba vitupu. Tuliwaamkia shikamoo, maana kwetu mtu wa kidato cha tatu alikuwa mtu mzima. Tukasubiri watugawie maeneo ya kufagia. Badala yake, dada mmoja akatukalisha chini ya mwarobaini, akauliza, "Ninyi hapa mnakerwa na nini?"

Tulitazamana. Shuleni hakuna aliyewahi kutuuliza hivyo. Mmoja akasema mtaro. Mwingine akasema mbwa wanaopigwa mawe njiani. Tukaanza na mtaro: wao wakizoa tope, sisi tukiokota mifuko ya rambo, na wadogo wa darasa la pili wakihesabu viroba. Hiyo ndiyo ikawa klabu yetu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba dada yule alikuwa mwanachama wa Roots & Shoots, jina lenye maana ya mizizi na chipukizi. Klabu hizo zilizaliwa katika jiji hili hili mwaka 1991. Wanafunzi 12 wa sekondari walikusanyika barazani nyumbani kwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, wakiwa na mambo yaliyowakera: uvuvi wa baruti baharini, ujangili, watoto wa mitaani, wanyama wanaoteswa sokoni. Hakuwapa kazi ya kufanya. Walirudi shuleni kwao, wakaunda vikundi, na kila kikundi kikajichagulia la kufanya kwa ajili ya watu, wanyama na mazingira. Leo vikundi hivyo vimo katika nchi zaidi ya 60, kuanzia chekechea hadi chuo kikuu. Goodall alifariki Oktoba 2025, akiwa na miaka 91.

Kwa nini kikao kile kilikuwa kitu kipya? Ili kuelewa, inabidi kurudi nyuma robo karne.

Jeshi la Kujenga Taifa lilianza mwaka 1963 kwa hiari. Miaka mitatu baadaye serikali ikataka wasomi walitumikie kwa lazima, na kwa sehemu ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga. Mwalimu Nyerere akawafukuza zaidi ya 300, akawarudisha makwao, na yeye mwenyewe akajikata asilimia 20 ya mshahara. Alikuwa na hoja: masomo yao yalilipwa na jasho la wakulima ambao watoto wao wengi hawakuwa na hata shule. Deni lilikuwa la kweli.

Machi 1967 ikatoka Elimu ya Kujitegemea. Wazo lake lilikuwa zuri kuliko lilivyokuja kutekelezwa: shule iwe jumuiya inayozalisha, na wanafunzi washiriki kupanga kazi na kuamua matunda yake yatumikeje. Mashuleni ikabaki jembe, mipango ikasahaulika. Katika shule nyingi shamba likawa mahali pa kumpeleka mtoto aliyechelewa au aliyepiga kelele. Kizazi kizima kikajifunza kwamba kuihudumia jamii ni adhabu.

Ndiyo maana naona baraza lile la 1991 lina uzito. Kazi yenyewe haikuwa ngeni. Watoto wa Tanzania walikuwa wamefagia na kupanda miti miaka yote. Kigeni kilikuwa kuanza na kero ya mtoto kabla ya jembe. Na swali lile lilirithishwa: wa chuo kwa wa sekondari, wa sekondari kwetu sisi wa msingi. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu yetu kuwauliza wa darasa la tatu. Walisema choo hakina mlango. Mimi, niliyekuwa darasa la sita, sikuwahi kukiona kama tatizo.

Klabu yetu haikufika mbali. Mwalimu mlezi alihamishwa, na aliyefuata akataka utaratibu. Kila darasa likatakiwa kutoa wanafunzi kumi, majina yakasomwa mstarini, na siku ya wageni tukapangwa na mafagio ya chelewa tupigwe picha. Hakuna aliyetufukuza. Tuliacha wenyewe, mmoja mmoja. Ilituchukua muhula mmoja tu kupita njia ambayo JKT ilipita kwa miaka mitatu.

Bado naishi Mabibo, na nikienda kupanda daladala ya chuoni napita pale getini. Juzi asubuhi niliwakuta watoto kama sita wakizoa taka mtaroni. Moyo ukanidunda. Nikasimama, nikamuuliza wa karibu ile ni klabu gani.

"Shikamoo dada," akasema bila kuinuka. "Siyo klabu. Sisi ni wachelewaji."