Nani Alipe, na Lini? Gharama ya Cheti cha Usalama wa Mtandao kwa Kijana wa Cheptais

Mtihani wa CISSP, cheti kinachotajwa mara kwa mara katika matangazo ya kazi za juu za usalama wa mtandao, hutozwa dola 749 za Marekani. Dola ikiwa takriban shilingi 130, hizo ni kama shilingi 97,000 za Kenya. Kwa mzazi wa Cheptais, katika miteremko ya Mlima Elgon, anayetegemea kahawa, mahindi na vitunguu, fedha hizo zinagombaniwa na karo ya watoto waliobaki shuleni, na karo ndiyo hushinda. Kijana wake huambiwa atafute punguzo, vocha au mfadhili. Makala hii inadai kwamba ushauri huo unaanzia pasipofaa. Ada ya mtihani haishuki sana kwa mtu yeyote. Kinachoweza kubadilishwa ni nani anayeilipa, na katika mwaka upi wa maisha yake ya kazi.

Tuanze na masharti yenyewe, kwa kuwa wengi hulipa kabla ya kuyasoma. Shirika la ISC2, lililoundwa mwaka 1989, humtaka mwenye CISSP awe amefanya kazi miaka mitano katika angalau nyanja mbili kati ya nane za mtalaa wake. Shahada ya chuo kikuu hupunguza mwaka mmoja tu. Aliyefaulu mtihani bila uzoefu hapewi cheti. Huorodheshwa kama mshirika na kupewa miaka sita atimize masharti. Aliyetimiza naye hulipa dola 135 kila mwaka ili cheti kisife, kwa hiyo katika miaka mitatu ya kwanza gharama hufika dola 1,154, yaani shilingi 150,000 hivi. Kijana anayekopa shilingi 97,000 mwezi anaohitimu Chuo Kikuu cha Kibabii au Kitale National Polytechnic ananunua kitu ambacho hataruhusiwa kukitumia kwa miaka minne au mitano. Deni litaanza kudai kabla cheti hakijaanza kulipa.

Miaka hiyo ya kungoja ndiyo nafasi yenyewe. Mwaka 2022 ISC2 ilitangaza mpango wa kutoa bure mafunzo na mtihani wa cheti chake cha kuanzia, CC, kwa watu milioni moja; anayefaulu hulipa dola 50 kwa mwaka. Cisco Networking Academy ina kozi zisizolipiwa. Hapa Kenya mradi wa CyberShujaa, ulioanzishwa na chuo kikuu cha USIU-Africa, kampuni ya Serianu na Chama cha Mabenki Kenya, umewafundisha vijana kwa lengo la kuwaingiza kazini. Hata kwa CISSP yenyewe hakuna sharti la kuhudhuria darasa. Kozi za siku chache zinazouzwa kwa bei kubwa kuliko mtihani ni hiari, na miongozo ya taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, hupakuliwa bure. Mwenye nidhamu ya kujisomea anaweza kuondoa sehemu kubwa ya gharama hapo, ingawa nauli na malazi ya siku ya mtihani mjini hayakwepeki.

Jambo moja halizungumzwi vya kutosha. ISC2 hukubali uanagenzi, hata usiolipwa, kama sehemu ya uzoefu, mradi uthibitishwe kwa barua rasmi ya mwajiri. Kijana aliyekaa miezi sita katika ofisi ya kaunti mjini Bungoma akidhibiti nywila na nakala za akiba, kisha akaondoka bila barua inayoeleza alichofanya, ameacha mali nyuma. Barua hiyo haigharimu chochote, nayo hupunguza miezi ya kungoja.

Sasa suala la mlipaji. Cheptais, kama kwingineko Bungoma na Trans Nzoia, watu wanajua kuendesha chama. Tuchukue chama cha wahitimu kumi, kila mmoja akitoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kila baada ya miezi mitano kuna shilingi 100,000, yaani mtihani mmoja. Watu kumi huhitaji miezi hamsini, na miezi hamsini inakaribiana sana na miaka minne au mitano ambayo kanuni inawataka wafanye kazi. Mzunguko upangwe kwa ukomavu wa uzoefu badala ya kura, anayetimiza masharti kwanza atangulie, na aliyeajiriwa kwa cheti hicho aongeze mchango wake.  Kinachoweza kuivuruga hesabu hiyo ni dola. Januari 2024 ilifika takriban shilingi 160, na kwa kiwango hicho mtihani uleule ungegharimu karibu shilingi 120,000. Chama kisichoweka akiba ya tofauti hiyo kitamkwamisha mwanachama wa kati.

Mwajiri naye ana wajibu. Chini ya Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, mwajiri hutoa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na mamlaka ya NITA humrejeshea gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Chama cha akiba na mikopo chenye wafanyakazi arobaini hutoa shilingi 24,000 kwa mwaka. Kikiwa kinatunza taarifa za wanachama kwenye kompyuta, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakitaka kizilinde, na taarifa zikivuja kwa namna ya kuwadhuru wenyewe, kimjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Kumfundisha mfanyakazi wake ni sehemu ya kutii sheria hiyo, na fedha za kuanzia tayari kimezitoa.

Wapo wanaosema ujuzi unatosha na karatasi ni ya nini. Nakubali kwamba mtu anaweza kufaulu mtihani na ashindwe kuzima shambulio kama lile lililoyumbisha eCitizen, mfumo wa huduma za serikali mtandaoni, Julai 2023. Lakini hoja hiyo husemwa kwa urahisi na mwenye mjomba katika kampuni ya Nairobi. Watoto waliozaliwa Cheptais katika miaka ya machafuko ya ardhi, 2006 hadi 2008, sasa wanaingia vyuoni, na wengi wao hawana wa kuwataja mahali popote. Cheti husomwa na mtu asiyewajua, na kwao hiyo ndiyo thamani yake. Ndiyo sababu pia maswali yaliyovujishwa, yanayouzwa kwa bei ya chini, hayawezi kuitwa njia nafuu: mtahiniwa akigunduliwa hunyang'anywa cheti pamoja na kila shilingi aliyolipa.

Pengo lililobaki ni la kisera. Hundi ya basari huandikiwa shule au chuo, ilhali ada ya mtihani hulipwa kwa kadi kwa shirika la ng'ambo. Kaunti ya Bungoma ingeweza kutenga mkopo mdogo wa mzunguko, usio na riba, kwa mwombaji aliye tayari na cheti cha kuanzia na barua za uzoefu wa miaka minne, ulipwe moja kwa moja kwa mtahini na urejeshwe kutoka mshahara ndani ya miezi kumi na minane.