Durban: Shanga zilizovunja ukimya

Kwa vizazi kadhaa wanawake wa Kizulu walitunga shanga ili kusema yale ambayo mila haikuruhusu yatamkwe kwa ulimi. Ukimwi ulipoenea katika jimbo la KwaZulu-Natal, kazi hiyo ndogo ya mikono iligeuka kuwa jambo la uhai na mauti.

Ufukweni mwa Durban, mbele ya hoteli zinazoitazama Bahari ya Hindi, wanawake wa Kizulu wameuza kwa miaka mingi bangili, mikufu na wanasesere wadogo waliopambwa kwa shanga. Mtalii hununua kimoja au viwili, akavitia mkobani, na huko kwao vikawekwa juu ya kabati kuwa kumbukumbu ya safari. Ni wachache wanaofahamu kwamba walichobeba kilikuwa, katika asili yake, aina ya maandishi.

Kwa watu wa Afrika Mashariki jambo hilo si geni. Kitambaa kilichofumwa kwa mkono na kutandikwa juu ya kochi husema kwamba nyumba hii ina mwenyewe, tena hodari. Khanga husema zaidi ya hapo, kwani mke anaweza kuivaa mbele ya wifi au jirani na ujumbe ukafika bila yeye kufumbua kinywa. Lugha ya Kiswahili yenyewe inalishuhudia hilo: shairi hutungwa, na shanga nazo hutungwa.

Bidhaa iliyokuja kwa bahari

Shanga za kioo hazikuingia kusini mwa Afrika kwa mara ya kwanza pamoja na Wazungu. Huko Mapungubwe, makao ya ufalme uliostawi katika bonde la mto Limpopo katika karne ya 13, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta shanga za kioo kwa maelfu, zilizotoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Zilifika bara kupitia biashara ya pwani, ile ile iliyoitajirisha Sofala, na baadaye Kilwa, kwa dhahabu.

Mwaka 1824 wafanyabiashara wa Kiingereza, miongoni mwao Francis Farewell na Henry Francis Fynn, waliweka kituo chao kwenye ghuba ya Natal. Mwaka 1835 mji uliochipuka hapo ulipewa jina la Durban, kwa heshima ya gavana wa Koloni ya Rasi, Sir Benjamin D'Urban. Shanga zilikuwa miongoni mwa bidhaa za wageni hao. Mfalme Shaka, na baada yake Dingane, hawakuziacha zizagae ovyo. Zilikuwa mali ya heshima, na mfalme ndiye aliyeamua nani apewe na nani azivae.

Hali hiyo haikudumu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 maduka ya walowezi yalienea Natal, na shanga zilizotengenezwa Venice na Bohemia zikawafikia watu wa kawaida. Pambo la ikulu likaingia mikononi mwa wasichana wa vijijini, nao wakalipa kazi mpya.

Barua isiyo na wino

Kazi hiyo ilikuwa kuandika. Vijana wa kiume walianza kuondoka makwao kwenda kutafuta ujira bandarini Durban, kwenye almasi ya Kimberley na kwenye dhahabu ya Witwatersrand. Msichana aliyebaki nyuma, ambaye mara nyingi hakujua kusoma wala kuandika, alitunga kipande kidogo cha shanga na kumpelekea mchumba wake. Kipande hicho kiliitwa incwadi, neno ambalo katika Kizulu ndilo hilo hilo linalotumika kwa barua na kwa kitabu. Kulikuwa pia na jina ubala abuyise, maana yake andika ili mwenzako ajibu.

Rangi zilibeba maneno. Nyeupe kwa kawaida ilikuwa ya mapenzi safi. Nyekundu iliweza kuwa ya macho yaliyoiva kwa kungojea. Ya waridi iliweza kumkumbusha kijana kwamba yu maskini na mahari bado hajaitafuta. Hata hivyo, haikuwako kamusi moja kwa nchi nzima. Huko Msinga, kaskazini mwa Durban, mipangilio ya rangi ilikuwa na majina yake, kama vile isishunka na umzansi, na mjuzi aliweza kumtambua mtu kwao ni wapi kwa kumtazama shingoni tu. Rangi iliyosema wivu katika bonde moja iliweza kusema mali katika bonde la pili.

Mmoja wa wasomi walioliandikia suala hili ni Regina Twala, mwanamke mzaliwa wa Natal, ambaye mwaka 1951 alichapisha utafiti kuhusu namna shanga zilivyoongoza maisha ya jamii za Wazulu na Waswazi. Yeye hakuziona shanga kuwa ni urembo mtupu. Aliziona kuwa chombo cha kuratibu mahusiano: ya msichana na mvulana, ya mke na ukweni, ya kijana na wazee wake.

Sindano ya misheni na shanga za Shembe

Si kila mtu aliipenda lugha hiyo. Wamisionari wa Kikristo waliofika Natal katika karne ya 19 waliziona shanga kuwa alama ya upagani, na waumini wengi wapya wakaziacha pamoja na mavazi ya ngozi. Mwaka 1869 wamisionari wa Kimarekani walifungua shule ya wasichana ya Inanda, kaskazini mwa Durban, chini ya mwalimu Mary Edwards. Pamoja na masomo ya darasani, wasichana walifundishwa kushona na kazi za nyumbani. Sindano na uzi vikawa alama ya nyumba ya Kikristo, na ushanga ukaachiwa wale walioitwa washenzi.

Lakini eneo hilo hilo la Inanda lilitoa jibu tofauti. Mnamo mwaka 1910 hivi nabii Isaiah Shembe alianzisha kanisa lake la Nazareth, na makao yake makuu yakawa Ekuphakameni. Waumini wake walicheza ngoma za ibada wakiwa wamevaa shanga. Kwa Shembe, Mungu aliweza kuabudiwa bila Mzulu kuvua uzulu wake. Kanisa hilo limekuwa hadi leo mteja mkubwa na mlinzi mkubwa wa kazi ya shanga.

Kutoka shingoni hadi sokoni

Durban ya wageni nayo ilikuwa na haja yake. Mwaka 1892 bepari wa sukari Marshall Campbell aliingiza mjini magari ya kuvutwa na watu, yanayoitwa riksho, na wavutaji wakazoea kuvaa pembe, manyoya na shanga ili kuvutia abiria. Shanga zikaanza kutungwa kwa ajili ya jicho la mgeni asiyejua kuzisoma.

Chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, soko hilo lilikuwa tegemeo la wanawake waliokuwa na njia chache sana za kupata fedha. Mwaka 1959 wanawake wa Cato Manor, mtaa wa Waafrika mjini Durban, walivamia vilabu vya pombe vya manispaa, wakipinga misako iliyowazuia kupika na kuuza pombe yao wenyewe. Mwaka huo huo Taasisi ya Afrika Kusini ya Mahusiano ya Rangi ilianzisha mjini humo kituo cha sanaa kilichokuja kujulikana kama African Art Centre. Huko mwanamke kutoka kijijini aliweza kuleta kazi yake na kulipwa. Jo Thorpe, aliyekiongoza kituo hicho kwa miaka mingi, aliwahimiza watungaji kubuni vitu vipya.

Miongoni mwa vitu hivyo walikuwamo wanasesere wa nguo, waliojazwa vitambaa na kuvikwa shanga toka kichwani hadi miguuni. Mwanasesere ana mikono, ana uso, anaweza kupangwa pamoja na wenzake na kufanya tukio. Jambo hilo lilikuja kuwa na maana kubwa.

Ukimya wenye mshindo

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika KwaZulu-Natal ya miaka ya 1990 maradhi yalifichwa kwa sababu nyingi, na mojawapo ilikuwa mila yenyewe. Desturi ya hlonipha, yaani heshima, humtaka mwanamke aliyeolewa aepuke maneno fulani mbele ya wakweze na wanaume, hata majina yao. Kuzungumza hadharani juu ya tendo la ndoa lilikuwa jambo lisilofikirika. Mke aliyejua kwamba mumewe arudipo kutoka mjini huenda amebeba virusi hakuwa na neno la heshima la kumwambia.

Na aliyesema aliweza kulipa kwa maisha yake. Mwezi Desemba mwaka 1998 Gugu Dlamini, mkaazi wa KwaMashu nje kidogo ya Durban, alipigwa hadi kufa baada ya kutangaza hadharani kwamba anaishi na virusi vya HIV. Bustani moja katikati ya mji inaitwa kwa jina lake. Mwaka 2000 upimaji wa wajawazito katika kliniki za serikali za jimbo hilo ulionyesha kwamba zaidi ya 36% walikuwa na virusi. Kufikia 2004 kiwango hicho kilikuwa karibu 41%.

Katika hali hiyo ndipo mradi wa Siyazama ulipochukua sura yake. Jina hilo la Kizulu maana yake ni tunajaribu. Mhadhiri wa usanifu Kate Wells, wa Technikon Natal, chuo ambacho leo ni sehemu ya Durban University of Technology, alikuwa amekwisha kufanya kazi na watunga shanga wa vijijini katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Wanawake hao, miongoni mwao Lobolile Ximba na Celani Njoyeza, walikuwa mabingwa wa wanasesere. Warsha zilipangwa ambamo wauguzi, waganga wa jadi, wasanii wa maigizo na watu wanaoishi na virusi waliwaeleza namna ugonjwa unavyoambukiza na namna ya kujikinga.

Maswali ambayo wanawake hao hawakuweza kuyauliza kwa kinywa yalirudi yakiwa yametungwa. Walikuja wanasesere wenye utepe mwekundu kifuani, wanasesere wagonjwa na wanasesere waliotundikwa msalabani. Mila ilikuwa imefunga ulimi, lakini haikuwahi kufunga vidole. Desturi ya incwadi, ya kupitisha neno zito kwa njia ya ushanga, ilikuwa bado hai, na ndiyo iliyotoa ruhusa. Mwanamke aliyemwonyesha mumewe mwanasesere hakuwa amevunja heshima. Alikuwa ameonyesha kazi yake ya mikono tu, na mazungumzo yakaanzia hapo.

Mwezi Julai mwaka 2000 Durban ilipokea Mkutano wa 13 wa Kimataifa wa Ukimwi, wa kwanza kufanyika katika nchi inayoendelea. Kaulimbiu yake ilikuwa Vunja Ukimya. Rais Thabo Mbeki, katika hotuba ya ufunguzi, aliukazia umaskini na kusema kwamba si kila jambo linaloweza kulaumiwa juu ya kirusi kimoja. Nkosi Johnson, mtoto wa miaka 11 aliyezaliwa na virusi, aliiomba serikali iwape dawa kina mama wajawazito. Alifariki dunia mwaka uliofuata. Dawa za kurefusha maisha zilianza kutolewa katika hospitali za serikali mwaka 2004, na utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard uliochapishwa mwaka 2008 ulikadiria kwamba ucheleweshaji huo uligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000. Ukimya ulikuwako ikulu pia, si vijijini peke yake.

Nani anaisoma barua?

Yapo yanayoweza kusemwa dhidi ya kuitukuza mno kazi hii. Ushanga haukumtibu mtu. Mwanasesere hakumpa mke uwezo wa kumkatalia mume, na kipande kilichochukua siku nyingi za kazi hakikuuzwa daima kwa bei iliyolingana na jasho lake. Tena wanunuzi wengi walikuwa wageni. Barua iliyoandikwa kwa ajili ya mume au wifi iliishia sebuleni mwa mtu asiyemjua mwandishi wala lugha yake.

Hata hivyo soko hilo hilo ndilo lililowawezesha watungaji kuendelea. Huko Hillcrest, kwenye vilima vya magharibi ya Durban, kituo cha kuhudumia wagonjwa wa ukimwi kiliwapa kina mama, na mabibi waliobaki wakilea wajukuu yatima, kazi ya kutengeneza wanasesere wadogo wa shanga wanaobandikwa kifuani kwa pini. Wanasesere hao walisafiri hadi Canada na nchi nyingine, na fedha zake zikanunua unga na kulipa karo. Bibi aliyekuwa amezika watoto wake alipata mahali pa kuketi na wenzake, mikono ikiwa na shughuli na mdomo ukiwa huru kusema yaliyompata.

Pengine faida kubwa zaidi ya kazi hizi ndogo ilipatikana pale pale zilipotungwa, kabla ya kufika sokoni. Mtalii asiyejua incwadi alinunua pambo, na alipata haki yake. Lakini kabla ya pambo hilo kuingia mkobani mwake, mwanamke mmoja alikuwa amekwisha kuwaambia wenzake wa kundi, kwa rangi na kwa uzi, kwamba ugonjwa upo, kwamba una jina, na kwamba si aibu ya mtu mmoja. Katika jimbo ambako Gugu Dlamini aliuawa kwa kusema hivyo kwa maneno, hilo halikuwa jambo dogo.